Jiwe na Kijikaratasi Chake: Uhakiki wa Maandishi ya Wakusanyaji wa Madini Adimu

Katika kabati la mkusanyaji wa madini mna vitu viwili vilalavyo pamoja: jiwe na kijikaratasi. Jiwe ni kazi ya ardhi. Kijikaratasi ni kazi ya mwanadamu. Mgeni aingiapo hutazama jiwe, na wala hana kosa, maana fuwele iliyokamilika, yenye nyuso zilizonyooka na kingo zisizomeguka, huvuta macho kama uso mzuri. Lakini mtu aliyezoea makusanyo hufanya kinyume. Hukiinua kijikaratasi kwanza, akakisoma, ndipo akaligeukia jiwe. Maneno yaliyomo aghalabu hayazidi ishirini: jina la madini, mahali yalikotoka, ukubwa wa kipande, namba ya daftari, na majina ya watu waliopata kukimiliki. Maneno hayo machache ndiyo yaamuayo kama jiwe litahesabiwa kuwa hazina, au litakuwa pambo tu la kuwekwa dirishani.

Wanafunzi wa fasihi wamezoea kudhani kwamba uhakiki ni wa mashairi, hadithi na michezo ya kuigiza. Hapana shaka hayo ndiyo mashamba yake makubwa. Walakini palipo na maneno yaliyochaguliwa, na mengine yakaachwa kwa makusudi au kwa mazoea, hapo pana kazi ya mhakiki. Kijikaratasi cha jiwe ni maandishi ya namna hiyo. Kina kanuni zake, kina lugha yake, kina wasomaji wake wakali, na zaidi ya yote hudai kuaminiwa. Yafaa basi kiulizwe maswali yale yale yaulizwayo maandishi mengine: kinasema nini, kinanyamaza wapi, na kunyamaza huko kunamfaa nani? Makala haya yashikilia kwamba kijikaratasi ni aina ya maandishi yenye nidhamu kubwa kuliko aina nyingi zisifiwazo. Lakini kina ila moja iliyoota mizizi, nayo ni kwamba huandika kila mkono ulioshika jiwe isipokuwa mkono wa kwanza.

Kabla ya kuithibitisha hoja hiyo, ni lazima ifahamike kwa nini jiwe lihitaji karatasi. Madini mengi hukaa mwambani yakiwa yamesongamana punje kwa punje, bila umbo lionekanalo kwa macho. Ili fuwele ikue na nyuso zake, hapana budi ipate nafasi, kama vile ufa au uvungu ndani ya mwamba. Ipate maji ya moto yaliyobeba vitu ambavyo fuwele hujengwa navyo. Na ipate utulivu wa muda mrefu. Mambo hayo matatu hayakutani mara nyingi. Hata yakikutana, baruti na sururu humaliza katika nukta moja kazi ya mamilioni ya miaka. Kwa hiyo fuwele iliyotoka ardhini ikiwa nzima ni kitu kilichonusurika mara mbili: kwanza katika kuumbwa kwake, na pili katika kuchimbwa kwake.

Hapa ndipo mkusanyaji atengapo njia na sonara. Kwa sonara, jiwe litokalo mgodini ni mwanzo wa kazi. Hulikata, akalisugua, akalipa umbo ambalo soko lalipenda. Kwa mkusanyaji, kulikata ni kulifuta. Yeye hutaka fuwele kama ilivyokuwa mahali pake, na ikiwezekana ikae bado juu ya kipande cha mwamba ulioizaa. Sonara huuliza, "Litakuwa nini?" Mkusanyaji huuliza, "Lilikuwa nini, na wapi?" Swali la sonara hujibiwa na chombo cha kukatia. Swali la mkusanyaji halijibiwi na kitu kingine ila ushahidi, na ushahidi huo huchukuliwa na karatasi.

Hata uadimu wenyewe ni jambo la karatasi. Aina za madini zilizotambuliwa duniani zimezidi 6,000, na nyingi katika hizo zimeonekana mahali pachache mno. Kyawthuaiti, kutoka nchi ya Mogok huko Myanmar, yajulikana kwa kipande kimoja tu chenye uzito wa karati 1.61, yaani kama theluthi moja ya gramu. Kipande hicho kimewekwa katika makumbusho ya Los Angeles. Painaiti, iliyotoka nchi hiyo hiyo na kuelezwa na wataalamu mwaka 1957, kwa miongo kadhaa ilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja; kisha, baada ya mwaka 2000, machimbo mapya yakatoa vipande vingi. Je, painaiti ya kwanza ilibadilika siku ile wenziwe walipopatikana? La hasha. Rangi yake ilibaki ile ile, na ugumu wake ule ule. Kilichobadilika ni habari zake. Uadimu basi si sifa ya jiwe kama rangi au uzito. Ni maneno yasemwayo juu ya jiwe. Na ikiwa thamani kubwa ya kipande yatokana na maneno, basi maneno hayo hayawezi kuachwa bila kuhakikiwa.

Kanuni ya kwanza ya kijikaratasi ni mahali. Jina la madini laweza kukosewa, nalo litasahihishwa na wapimaji miaka mia baadaye, kwa kuwa jiwe lenyewe laweza kuulizwa tena. Lakini mahali pakipotea, aghalabu pamepotea moja kwa moja. Ndiyo maana wakusanyaji hawakitupi kijikaratasi cha zamani hata kama kimechakaa na mwandiko wake umefifia. Huweka kipya juu yake, na cha kale chini, kama tabaka za ardhi. Kipande kizuri chaweza kuwa na vijikaratasi vitano, kila kimoja kwa mwandiko wa mmiliki wake. Msomaji aliyezoea nasaba za masharifu au isnadi za wanachuoni atautambua utaratibu huu mara moja: fulani kapokea kwa fulani, aliyepokea kwa fulani. Nguvu ya habari hutegemea uzima wa mnyororo.

Mnyororo ukitiwa uongo, madhara yake hayapimiki. Mfano mashuhuri ni wa Arthur Kingsbury, mkusanyaji Mwingereza aliyefariki mwaka 1968. Katika maisha yake alisifiwa kwa kuvumbua madini adimu mahali pengi nchini Uingereza, pengine mahali ambapo mtu mwingine hakuyaona kabla yake wala baada yake. Mkusanyo wake uliingia katika makumbusho ya taifa mjini London, na habari zake zikaingia vitabuni. Mwaka 1998 wataalamu George Ryback, Andrew Clark na Chris Stanley walitangaza matokeo ya uchunguzi wao: vipande vingi alivyodai kuviokota Uingereza vilikuwa vimetoka kwingine, na habari za mahali zilikuwa za kubuni.

Katika kisa hicho kuna jambo la kumpendeza mhakiki na kumwogofya pia. Madini ya Kingsbury yalikuwa madini ya kweli. Hapakuwa na jiwe la bandia, wala rangi ya kupaka, wala gundi. Uongo wote ulikaa katika maneno machache ya karatasi. Tena uongo huo ulifaulu kwa sababu ya ustadi wa mwandishi: alijua jinsi kijikaratasi cha kweli kiandikwavyo, akaifuata kanuni kwa unyofu wa nje. Waliomfichua walifanya kazi ambayo wahakiki wa matini waijua vyema. Walilinganisha, wakatazama kipande na mwamba ulioshikamana nacho, wakauliza kama maneno na kitu vyakubaliana. Jiwe likatoa ushahidi dhidi ya karatasi yake. Funzo ni kwamba umbo la ukweli si ukweli. Na maandishi mafupi, makavu, yasiyo na pambo lolote, yaweza kudanganya sawasawa na maandishi yenye mapambo.

Hata hivyo uongo ni ugonjwa wa wachache. Kunyamaza ndio ugonjwa wa wengi. Historia ya jiwe moja, lililopata majina matatu katika nchi mbili, yatosha kuuonyesha.

Mwishoni mwa karne ya 18 aliishi katika mji wa Ljubljana tajiri mmoja, Baron Žiga Zois, aliyezaliwa mwaka 1747 na kufariki mwaka 1819. Alikuwa na viwanda vya chuma, na alipenda mawe kuliko mapato yaliyotokana nayo. Mkusanyo wake wa vipande kama 5,000 hutunzwa hadi leo katika makumbusho ya elimu ya viumbe na ardhi ya Slovenia. Lakini Zois hakukusanya mawe tu. Wakati ambapo Kislovenia kilidharauliwa kuwa lugha ya wakulima, na wasomi wakaandika Kijerumani, yeye alitoa fedha na nyumba yake kwa waandishi walioitumikia lugha hiyo. Alimsaidia Anton Tomaž Linhart, ambaye mchezo wake wa kuchekesha kwa Kislovenia ulionyeshwa mwaka 1789. Alimtia moyo mshairi Valentin Vodnik, mhariri wa gazeti la kwanza la lugha hiyo, lililoanza mwaka 1797. Jernej Kopitar, mwandishi wa sarufi ya lugha hiyo, alikuwa karani na mtunza maktaba wake. Mtu huyo basi alijua, kuliko wakusanyaji wengi, uzito wa kutajwa na uchungu wa kutotajwa.

Mwaka ule ule wa 1797, mchuuzi wa madini alimletea Zois kipande kutoka milima ya Saualpe, katika nchi ya Carinthia, ambayo leo ni sehemu ya Austria. Zois akaona kwamba ni kitu kisichojulikana, akakipeleka kwa wataalamu. Kwanza kiliitwa saualpiti, kwa jina la mlima wake. Mwaka 1805 mtaalamu Mjerumani Abraham Gottlob Werner akakipa jina la zoisaiti, kwa heshima ya Baron. Mlima ukatoka, mtu akaingia. Na yule aliyekileta? Yadhaniwa kuwa aliitwa Simon Prešern. Neno "yadhaniwa" ndilo la kutazamwa. Jina la aliyenunua li wazi katika kila kitabu cha madini duniani. Jina la aliyebeba lipo kwa kukisiwa. Na jina la aliyepasua mwamba, ikiwa si huyo huyo, halipo kabisa.

Haifai kusema kwamba zama zile hazikuwa na desturi ya kuwaandika watu wa chini. Mwaka 1778 wanaume wanne walipanda kilele cha Triglav kwa mara ya kwanza, na Zois mwenyewe ndiye aliyewahimiza. Majina ya wote wanne yalihifadhiwa, na Waslovenia huyajua hadi leo. Kumbe palipokuwa na nia ya kuandika, jina la mtu asiye na cheo liliandikika. Mlima uliopandwa ulihesabiwa kuwa kitendo, na kitendo chahitaji mtendaji. Jiwe lililochimbwa lilihesabiwa kuwa kitu, na kitu hutosheka na mmiliki. Hiyo ndiyo sarufi iliyofichwa ndani ya kijikaratasi: sentensi yake haina kiima. "Lilipatikana" mahali fulani. "Lilitolewa" mwaka fulani. Kauli ya kutendwa, ambayo katika Kiswahili yaweza kumtaja mtenda kwa neno moja tu la "na", yakomea kabla ya kulifikia neno hilo.

Baada ya miaka 170 jiwe la Zois likaja kuonekana Tanganyika ya zamani, Tanzania ya leo, likiwa limevaa rangi ambayo Saualpe haikupata kuitoa. Katika vilima vya Mererani, katika nchi ya Simanjiro, mwaka 1967 zilipatikana zoisaiti za samawati na urujuani, zilizopata rangi yao kwa chembe za vanadi. Fuwele yake ikigeuzwa kwenye mwanga huonyesha rangi tatu kwa pande tatu: samawati, urujuani, na wekundu wa namna ya divai au shaba. Vipande vingi hutoka vikiwa na rangi ya hudhurungi, navyo huchomwa kwa joto la kama nyuzi 500 mpaka samawati itokee. Sonara hana neno na moto huo. Mkusanyaji huuchukia, kwa sababu hutaka rangi ya ardhi na si ya tanuri. Kwa hiyo katika vijikaratasi vya tanzanaiti mara nyingi huongezwa tamko kwamba kipande hakikuchomwa.

Jina hilo la tatu, tanzanaiti, lilitolewa na kampuni ya Tiffany ya New York, iliyoanza kuliuza jiwe hilo mwaka 1968. Kwa upande mmoja jina hilo ni heshima, maana limerudisha mahali palipokuwa pametolewa na jina la Zois. Nchi changa ikapata kutajwa katika maduka ya vito ya dunia. Kwa upande wa pili ni jina la biashara, lililochaguliwa na muuzaji kwa ajili ya mnunuzi. Chanda chema huvikwa pete, walinena wahenga. Nao waliokitafutia chanda hicho kito chake walibaki wakibishaniwa. Mgunduzi ni nani? Manuel de Souza, fundi cherehani wa Arusha aliyekuwa mtafuta madini, aliandikisha madai yake mwaka 1967, naye akafariki mwaka 1969. Wengine huwataja wenyeji wa Kimasai. Serikali ya Tanzania humtambua Jumanne Mhero Ngoma, ambaye mwezi wa Aprili 2018, siku ulipozinduliwa ukuta wa kilomita 24 hivi uliozunguka machimbo, alitajwa na Rais John Magufuli mbele ya umma na kuahidiwa shilingi milioni 100. Mzee Ngoma alifariki mwezi wa Januari 2019. Ulipita zaidi ya nusu karne kabla ya jina lake kutamkwa kwa sauti iliyosikika nchi nzima. Na mahali lilipotamkwa ni jukwaani, wala si katika kijikaratasi cha jiwe.

Ikiwa mgunduzi wa kwanza alisubiri hivyo, hali ya wachimbaji waliomfuata ni wazi. Watu wa Mererani huwaita wanaapolo, kwa jina la vyombo vilivyokwenda mwezini katika miaka ile ile jiwe lilipoanza kuvuma. Jina hilo lina dhihaka na lina fahari: safari yao si ya juu bali ya chini, na kurudi kwao si jambo la hakika. Mafuriko ya mwaka 1998, na tena ya mwaka 2008, yaliwafia wachimbaji wengi mashimoni kwa makumi. Vipande vilivyotoka katika mashimo hayo miaka ile vimo makabatini Ulaya, Marekani na Asia. Vijikaratasi vyake vyasema "Merelani", vyasema sentimita, vyasema kama jiwe lilionja moto au halikuonja. Hivyo ndivyo ukamilifu wa maandishi haya ulivyo, na hivyo ndivyo upungufu wake ulivyo.

Msomaji mwadilifu ataleta pingamizi, na yafaa zisikilizwe. Ya kwanza ni kwamba kijikaratasi ni kidogo. Si kitabu cha tarikh. Pingamizi hii haina nguvu. Karatasi ile ile hupata nafasi ya kuorodhesha wamiliki watano, na pengine mwaka wa kila mauzo. Nafasi ipo, kilichopungua ni kujali.

Ya pili ni kwamba jina la mchimbaji halijulikani, kwa kuwa jiwe hupita kwa mwenye shimo, dalali, mfanyabiashara na msafirishaji kabla ya kumfikia mkusanyaji. Hili ni kweli kwa vipande vingi. Lakini kuna visa vinavyoonyesha kwamba jina hujulikana pale ambapo mtu ameamua kuuliza. Mwezi wa Juni 2020 mchimbaji Saniniu Laizer aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanaiti, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Mawe hayo hayatasemwa kamwe bila jina lake. Hata hivyo Laizer ni mwenye mgodi, na ukubwa wa mawe yake ndio uliomvutia mwandishi. Mchimbaji wa fuwele ndogo iliyo kamilifu, ambayo mkusanyaji huenda akaipenda zaidi, hakupata bahati ile.

Pingamizi ya tatu ndiyo nzito. Husemwa kwamba mawe mengi yalitoka nchini kwa njia zisizo halali, na kumwandika mchimbaji kungalikuwa kumtia hatarini. Basi kunyamaza kulikuwa ni kumsitiri. Huenda. Lakini kusitiri kuna namna zake. Mhariri mwaminifu wa miswada akikuta ubeti uliokatika hauziby hivi hivi, wala hasogezi mistari ili pengo lisionekane. Huacha nafasi, akatia alama, ili msomaji ajue kwamba hapa palikuwa na maneno. Kijikaratasi kingeweza kufanya vivyo hivyo. Kingeweza kuandika kitalu na mwaka, kisha kikasema, "Mchimbaji hakuandikwa." Maneno mawili hayo hayamfichui mtu, bali yakiri kwamba palikuwa na mtu. Pengo lililoungamwa ni sehemu ya elimu. Pengo lililofunikwa ni sehemu ya usahaulifu.

Wasomi wa Kiswahili hawana ruhusa ya kuwacheka wakusanyaji wa mawe kwa ila hii, kwani makusanyo yao wenyewe hayakusalimika. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yaliokolewa na kuandikwa kwa kazi kubwa ya Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyeyatafuta kwa waliokuwa wakiyakumbuka, akayaeleza, akishirikiana na mmisionari William Taylor. Diwani ilipochapwa mwaka 1940, jina lililotangulia mbele ya wasomaji kama mhariri lilikuwa la William Hichens. Ni kweli kwamba Sikujua hakupotea kabisa, na wataalamu wa baadaye wamempa haki yake. Lakini ni wangapi waliowasimulia wakusanyaji tenzi na ngano, ambao katika daftari wamebaki kuwa "mzee mmoja wa Lamu" au "mwanamke wa Pemba"? Desturi ya watunzi wa tendi ilikuwa tofauti: wengi wao walijitaja mwishoni, wakataja na mwaka, wakaomba dua ya msomaji. Walijua kwamba maandishi husafiri mbali na mwenyewe. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki ya kwanza ya aliyetoa kitu gizani ni kutajwa.

Kuna ishara moja katika siku za karibuni ambayo yastahili kusomwa kwa makini. Mwaka 2016 ilitangazwa aina mpya ya madini iliyotoka katika machimbo hayo ya tanzanaiti: nyuzi nyembamba mno, za rangi ya kijivu kilichokoza, ambazo kwa darubini huonekana zimejiviringa kama mikeka. Ina molibdeni, risasi, vanadi, antimoni na salfa. Wataalamu waliipa jina la merelaniaiti. Safari hii jiwe halikuitwa kwa jina la mnunuzi, wala la mfadhili, wala la duka; limeitwa kwa jina la mahali, na jina la mahali ni la wote waliopachimba. Jambo lililofanyika Saualpe limegeuzwa: mtu hakuingia, na mlima haukutoka.

Lakini hata hapo mhakiki wa lugha hawezi kupita bila kusimama. Wenyeji huuita mji wao Mererani. Vitabu vya madini huandika Merelani, na kwa kuwa jina la madini likishakubaliwa na chama cha kimataifa halibadiliki kwa urahisi, herufi hiyo moja sasa imekuwa ya kudumu. Si kosa kubwa. Majina ya miji ya pwani yamepata makubwa kuliko hayo mikononi mwa wachora ramani. Walakini herufi moja yatosha kuonyesha kwamba aliyeliandika jina alilipokea kwa sikio la mbali. Zawadi imetolewa, nayo yapokewa kwa shukrani. Lakini mpokeaji ana haki ya kuona kwamba jina lake limeandikwa kwa mwandiko wa mgeni.

Hukumu juu ya aina hii ya maandishi haina budi iwe na pande mbili. Kwa upande wa sifa, kijikaratasi cha mkusanyaji wa madini adimu ni shule ya uandishi. Hufundisha kwamba kitu bila mahali ni nusu ya kitu. Kwamba neno lisilothibitika lisiandikwe. Kwamba karatasi ya kale isitupwe kwa sababu mpya ni nzuri zaidi. Waandishi wengi wa vitabu vinene wangefaidika kukaa mwaka mmoja wakiandika vijikaratasi. Kwa upande wa ila, maandishi haya yamechukua tabia ya soko na kuifanya kanuni ya elimu: humkumbuka aliyelipa, humsahau aliyetoa jasho. Na kwa kuwa hufanya hivyo kwa lugha kavu isiyo na hisia, wasomaji hudhani kwamba ukavu huo ni uadilifu.

Dawa yake si ngumu, wala haihitaji fedha. Ni mstari mmoja zaidi. Mkusanyaji atakayemwuliza dalali, "Nani alilitoa, katika kitalu gani, mwaka gani?" hatapata jibu kila mara, lakini swali likiulizwa na wengi, jibu litaanza kutunzwa tangu shimoni, kama vile mahali palivyoanza kutunzwa siku ile wakusanyaji walipokataa kununua jiwe lisilo na mahali. Kanuni za maandishi hazishuki kutoka mbinguni. Hujengwa na wasomaji wanaokataa kuridhika.

Nao wanafunzi wa Kiswahili wana sehemu yao. Lugha ya machimbo ya Mererani, majina ambayo wachimbaji huipa miamba na dalili waifuatayo gizani, yatamkwa kila siku kwa Kiswahili, na msomi aendaye kuyaandika atakuta kazi ya kutosha. Atakapoyaandika, na aanze na jina la msemaji.